SOMO: Kuunda Land Rover ndogo ya umeme, nusu ya ile ya zamani

Wakuu, tangu niweke picha ya gari la binti yangu naulizwa yale yale kila siku. Naandika mara moja, someni.

Mfano ni Series II fupi, iliyotoka 1958. Ekseli hadi ekseli ni inchi 88, sisi tunaweka 44.

1. Pima gari lenyewe, usipime picha.

2. Chesisi ni bomba za mraba. Urefu na upana gawa kwa mbili, unene wa chuma usiguse.

3. Matairi ya toroli yanatosha.

4. Stelingi. Hapa niliharibu. Nilichomelea mikono ya stelingi (vyuma vifupi vinavyogeuza magurudumu ya mbele) ikaenda sambamba, nikaona imenyooka vizuri. Kumbe kwenye kona gurudumu la ndani hupita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima likate zaidi. Yangu yalikata sawasawa. Kila kona pale Raskazone tairi likawa linakwaruza lami, wiki mbili kashata za tairi zimelika upande. Nikashika grenda, nikaanza upya. Funga uzi wa katani kutoka kwenye pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia unapokata kona, hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kulia na kushoto. Tundu la tairodi (fimbo inayounganisha mikono miwili ya stelingi) litoboe kwenye mkono, palepale uzi unapopita. USICHOMELEE jumla! Gusisha nukta mbili, sukuma gari, kata kona, ndipo umalizie.

5. Betri nne za volti 12 kwa mfululizo. Fyuzi ikae jirani na betri.

6. Bati la aluminiamu, riveti, rangi.

Mdau wa Ngamiani: Mkuu, tairi inchi ngapi? Na stelingi si nichomelee tu, gari la mtoto hili.
Jibu: Tairi soma namba 3. Stelingi hapana. Ni la mtoto, ndiyo maana hapana.

Mdau wa Pangani: Kaka, kwa nini aluminiamu? Na wazo ulilitoa wapi?
Jibu: Swali zuri, dada. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, chuma Uingereza kikiwa cha mgao baada ya vita, wakaivalisha aloi ya aluminiamu. Wazo ni la zamani: 1926 Ettore Bugatti, mtengeneza magari, alimuundia mwanawe Roland gari la umeme, nusu ya Type 35, gari lake la mashindano. Siku hizi imefufuliwa, robo tatu ya ile kubwa.

Mdau wa Pangani: Na chumvi yetu ya baharini?
Jibu: Aluminiamu ikigusana na chuma kwenye chumvi, inaliwa. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli, weka vipande katikati kabla ya riveti, na kila tundu lipake rangi ndani.