SOMO: Vifaa vya kuoshea na kukaushia gari lenye kotingi ya seramiki, kwa mazingira yetu ya Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Swali la "nioshe na nini gari langu baada ya kupaka seramiki" nimelijibu inboksi na kwenye nyuzi za watu mpaka basi. Kuanzia leo anayeuliza nitamtumia uzi huu. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza, hasa hatua ya 5.

Kwanza mjue adui ni nani. Mji wetu umekaa juu ya miamba ya graniti, na graniti ikimeng'enyeka inaacha mchanga wenye chembe za kwatzi. Ndizo zile zinazometameta kwenye barabara za vumbi ukiacha lami Buhongwa au Igoma. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, yaani inakwaruza kioo. Kotingi yenyewe ni utando wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kazi yake ni kufanya maji na uchafu visishike, na kuipa rangi muda zaidi dhidi ya jua na kinyesi cha ndege. Mchanga unaosuguliwa kwa kitambaa haiuwezi. Kwa hiyo kila kifaa hapa chini kipime kwa swali moja: kinauondoa mchanga, au kinauburuza? Pesa yako ianzie kwenye vitambaa. Shampuu ya bei mbaya na taulo bovu ni hasara tupu.

Hatua ya 1. Subiri kotingi ikomae. Fuata muda aliokupa fundi, wengi hutoa wiki moja bila sabuni.

Hatua ya 2. Osha kivulini, bodi ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye boneti. Kama huwezi kukiacha hapo, subiri jua lishuke.

Hatua ya 3. Shampuu. Tafuta ya magari yenye pH ya karibu 7, yaani isiyo na asidi wala magadi, na isiyo na nta. Nta inakaa juu ya kotingi, maji yanaacha kuteleza, kisha mwenye gari analalamika kwamba kotingi imekufa wakati imefunikwa tu. Sabuni ya unga hapana kabisa: ina magadi, na magadi makali yanakula silika, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kotingi nyingi. Sabuni ya vyombo haitaibandua kotingi kwa siku moja kama watu wanavyotishana, ila haina utelezi wa kutosha, na kitambaa kisipoteleza kinaburuza.

Hatua ya 4. Kuosha. Ringi na matairi kwanza, kwa ndoo yake na brashi yake. Brashi hiyo isiguse bodi maisha yake yote.

Halafu suuza gari zima kwa maji matupu. Ukiwa na mashine ya presha, weka nozeli (mdomo wa kutolea maji) nyeupe, inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, simama hatua moja nyuma. Nozeli nyekundu usiiguse, maji yake yanatoka kama msumari na yanaweza kung'oa rangi iliyokwisha kupasuka. Pulizia povu, liache dakika chache lakini lisikaukie, suuza tena. Mpaka hapo mchanga mwingi umeshuka bila mkono wako kugusa gari.

Sasa ndiyo mkono. Wengi watakwambia ndoo mbili zenye wavu chini wa kuzuia mchanga usipande, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Ni sawa. Lakini wavu hizo hazipatikani kirahisi hapa mjini, na maji yenyewe tunajua yanavyokatika. Mimi natumia ndoo moja ya lita 20 na vitambaa vinane vya maikrofaiba, vile vya nyuzi nyembamba sana za plastiki, vilivyolowekwa kwenye shampuu. Kitambaa kimoja ukikikunja mara mbili unapata sura nane. Sura moja, eneo moja, kutoka juu kwenda chini kwa mstari ulionyooka, kisha geuza. Kikiisha sura zote kiweke pembeni. Kitambaa kilichogusa gari hakirudi ndooni. Maji ya ndoo yanabaki safi mpaka unamaliza, na hiyo ndiyo faida yote.

Sponji la manjano sahau. Lina uso bapa, chembe ya mchanga haina pa kujificha ila kati ya sponji na rangi yako.

Hatua ya 5. Kukausha. Hapa ndipo magari mengi ninayoletewa yalipoharibikia. Mtu kaosha vizuri, kisha anachukua taulo la pamba au fulana kuukuu, anakandamiza na kusugua kwa kuzungusha. Gari hilo likisimama chini ya taa usiku, unaona mikwaruzo imezunguka mwanga kama utando wa buibui, na kama ni jeusi huhitaji hata kusogea karibu. Kuiondoa ni lazima upolishi, na kupolishi ni kuondoa kotingi uliyoilipia. Kwa hiyo someni taratibu.

Kununua: kitambaa cha kukaushia kiwe maikrofaiba ya gramu 500 kwa mita ya mraba kwenda juu, kipana kiasi cha kufunika nusu ya boneti. Lebo isome poliesta 80 kwa poliamaidi 20, au 70 kwa 30. Ikisoma poliesta 100, kipeleke kwenye ringi, kwenye bodi kinasukuma maji badala ya kuyanywa. Vya kuoshea, gramu 300 hadi 400 zinatosha. Pitisha kidole kwenye pindo. Ukihisi uzi mgumu wa nailoni, rudisha. Lebo yenyewe ikate kabla hujaanza, na kitambaa kipya kifue kwanza.

Kutumia: toa nozeli kwenye mpira, mwaga maji kwa mkondo mpole kuanzia kwenye paa. Kotingi ikiwa nzima maji yanateremka yakiwa yameshikana, yanaacha matone ya kuhesabika. Tandaza kitambaa, shika ncha mbili, kivute kuja kwako. Uzito wake unatosha, usikandamize. Paa, vioo, boneti, milango. Sehemu ya chini ya milango na bampa zipate kitambaa kingine. Mwenye bloa (mashine ya kupuliza hewa) aitumie kwenye vioo vya pembeni, vitasa na nembo, maana maji yaliyojificha huko yatachirizika dakika tano baada ya wewe kumaliza.

Maonyo, na haya nayasema kwa msisitizo:

Kitambaa kikianguka chini, kimestaafu kazi ya bodi siku hiyo. Kukikung'uta hakusaidii, nyuzi za maikrofaiba zimetengenezwa kushika chembe. Kafue kwanza, na kama kilianguka kwenye mchanga kabisa, kihamishie kwenye ringi moja kwa moja.

Usivifue pamoja na nguo za pamba. Tumia sabuni ya maji, usiweke dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba nyuzi, na maji yasizidi nyuzi joto 60. Usianike kwenye nyasi, michongoma wala ukutani. Anika ndani au barazani, mbali na upepo wa vumbi, kisha hifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko.

Na ule utaratibu wa kupangusa vumbi kavu kila asubuhi kabla ya kutoka, uache. Huo peke yake unaharibu kuliko kuosha vibaya mara moja kwa wiki. Gari likae na vumbi mpaka siku ya maji.

Maswali karibuni.

---

kijana_wa_igoma: Mkuu, sabuni ya unga kidogo tu kwenye ndoo kubwa haina shida si ndiyo?

Mtoa somo: Ina shida. Hatua ya 3.

harrier_nyeusi_bwiru: Asante sana kaka kwa somo. Mimi nafanya karibu yote haya ila gari ikikauka nabaki na madoa meupe ya duara, hasa kwenye boneti. Natumia maji ya kisima cha nyumbani. Nilipokuwa napangisha Nyegezi nikitumia bomba sikuwahi kuyaona. Inawezekana ni maji?

Mtoa somo: Dada, umeshajijibu vizuri sana. Maji ya bomba letu yanatoka ziwani, na Ziwa Victoria lina chumvi kidogo. Maji ya kisima yamepita kwenye mawe na udongo, mara nyingi yanapanda na chokaa. Tone likikauka, maji yanaondoka na chokaa inabaki. Jaribu hivi: weka tone la kisima na tone la bomba kwenye kioo cheusi, yaache yakauke kivulini, utaona tofauti kwa macho. Ukithibitisha, osha na kisima lakini suuza ya mwisho tumia bomba au maji ya mvua, ndoo mbili zinatosha kwa kumwaga taratibu. Ya mvua usikinge dakika za mwanzo, acha bati lijisafishe vumbi. Madoa yaliyopo, changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, jaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja, usiruhusu kikauke, suuza na uoshe kwa shampuu. Yakigoma usisugue, niletee picha hapa hapa.

mzee_wa_prado: Nimelipia kotingi ya 9H, miaka mitano, nikahakikishiwa haikwaruziki hata kwa msumari. Wewe unatutisha ili tununue vitambaa.

Mtoa somo: Mzee wangu shikamoo. Siuzi vitambaa. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli: wanachukua penseli za ugumu tofauti wanazisukuma juu ya rangi kuona ipi inaikwaruza, na 9H ndiyo ngumu kabisa kwenye mpangilio huo. Haina uhusiano na ile 7 ya kwatzi niliyoitaja, ni vipimo viwili tofauti. Kotingi yako inaishinda penseli. Mchanga wa barabara ya Kisesa haiushindi. Aliyekuambia msumari amekukosea wewe.

mzee_wa_prado: Marahaba. Nimekuelewa. Kwa hiyo vijana wanaoniogeshea gari nifanyeje, siwezi kuosha mwenyewe mgongo hauruhusu.

Mtoa somo: Nenda na ndoo yako ya vitambaa, mzee. Waambie wafanye presha na povu kama kawaida, na mkono wafanye kwa vitambaa vyako tu. Tenganisha kwa rangi, mfano bluu bodi, kijivu ringi, ili wasichanganye. Waeleze kwa upole na uwaongeze kidogo, maana utawachelewesha.

kirumba_boy: Kwa nini mtu ahangaike na bomba, si ushuke tu na gari ufukweni, maji ya bure, ya ziwa hayo hayo unayoyasifia.

Mtoa somo: Hapana. Maji ya ukingoni yana mchanga na mwani, na utayachota na kuyamwaga juu ya gari. La pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka ziwani. La tatu, mafuta ya injini yako na povu vinarudi kwenye maji tunayokunywa sote. Naomba tusiijadili hii humu.

dereva_sengerema: Mkuu hatua ya 5 nimeipenda. Nyongeza kidogo: kama una mashaka na kitambaa, chukua CD ya zamani, sugua upande unaong'aa, kisha itazame kwenye mwanga. Kikichora CD kitachora gari.

Mtoa somo: Nyongeza nzuri sana kaka, wote wafanye hivi kabla ya kulipa, kama muuzaji anaruhusu. Na hata cha zamani kijaribu, kikizeeka kinakakamaa.

mama_wa_pasiansi: Na wale wadudu wa ziwani? Wakitanda usiku, asubuhi gari yote imejaa, na kwenye vioo wamegandana.

Mtoa somo: Mama, hao usiwasugue. Loweka kitambaa maji, kilaze juu yao dakika kumi, wanalainika na kuondoka kwa maji. Fanya siku hiyo hiyo, wakikaa juani wanashika. Kinyesi cha ndege vivyo hivyo, na hicho ni cha haraka zaidi. Kotingi inakupa saa chache, haikupi siku.

dereva_sengerema: Wadudu wanafuata mwanga. Mimi nilizima taa ya getini nikawasha ya nyuma ya nyumba, gari ikapona.

mama_wa_pasiansi: Hiyo nitaifanya leo. Asanteni wanangu.

kijana_wa_igoma: Na sabuni ya kuogea je?

Mtoa somo: Hatua ya 3, mdogo wangu. Shampuu ya magari, pH 7, isiyo na nta. Ukikosa, bora maji matupu kwa presha mpaka upate.

boda_mkuyuni: Pikipiki nayo inafuata hivi hivi?

Mtoa somo: Tangi na plastiki ndiyo. Mnyororo na injini ziwe na vitambaa vyake, mafuta ya mnyororo hayatoki kwenye maikrofaiba. Na presha usiielekeze kwenye beringi za magurudumu wala kwenye swichi.