Ile Chupa ya Lutuku Iache Lubumbashi

Likizo ikiisha, begi lako hupangwa na ukoo mzima. Unga wa bukari, vinkubala (viwavi wakavu), samaki wakavu, na katikati, ndani ya kitenge, mama mkubwa amechomeka chupa ya maji iliyojaa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji: "Peleka, mwanangu, ukaonje na wenzako." Mimi naishi Sharjah, emirati jirani na Dubai. Siku hizi naitoa palepale chumbani, Katuba, kabla hatujaanza safari ya uwanja wa ndege wa Luano. Mama mkubwa hununa, lakini kununa kwake hakuna faini.

Kwetu wengi wanaijua Dubai tu, na kwa pombe Dubai kweli ina nafuu. Asiye Mwislamu aliyetimiza miaka 21 hunywa hotelini au kwenye baa yenye leseni, na mgeni hupewa kibali cha bure cha kununua dukani akionyesha pasipoti. Ila usinywe barabarani wala ufukweni, na ukishika usukani hata glasi moja ni kosa.

Balaa huanza jioni. Kodi za nyumba Dubai hazishikiki, kwa hiyo wengi wetu tunalala Sharjah. Unatoka Dubai na bia zako nne kwenye mfuko, risiti unayo, kibali unacho. Dakika 20 ndani ya teksi, foleni ikikuhurumia, umeshaingia emirati ambayo hata hoteli haziuzi pombe. Hapo risiti ya Dubai ni karatasi tu. Mgeni wangu yeyote namwambia: kunywa hukohuko, kwa kiasi, urudi mikono mitupu.

Kuwait ni marufuku kwa kila mtu, awe Mwislamu au la. Agosti 2025 watu 23 walikufa huko kwa pombe ya magendo yenye methanoli, alkoholi ya sumu. Aliyewahi kuona lutuku iliyopikwa vibaya anaelewa. Saudia, msidanganywe na habari za duka la Riyadh: lilipofunguliwa 2024 lilikuwa la wanadiplomasia wasio Waislamu, si la dereva wala mfanyakazi wa ndani. Qatar hoteli kadhaa zinauza, lakini kuingia na chupa hairuhusiwi, hata ile uliyonunua uwanja wa ndege wa Addis Ababa ikiwa bado imefungwa. Forodha wanaichukua.

Basi kagua begi mara mbili. Ukishaitoa chupa ya kwenye kitenge, papasa na kwenye unga. Mama mkubwa huwa ana ya pili.