Hosti imepotea na taa ya linki inawaka

Usiku mmoja nilibadilisha kadi ya mtandao iliyokuwa nzima kabisa. Nilichomoa bledi, yaani seva nyembamba inayochomekwa pamoja na nyingine kwenye sanduku moja liitwalo chesisi, nikafungua mfuniko, nikapachika kadi mpya, nikaketi kusubiri ESXi (mfumo wa VMware unaoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) iamke, na inavyojua kukokota miguu! Ilipoamka, tatizo lilikuwa palepale. Kumbe kuna VLAN moja, yaani mtandao uliotengwa kwa namba yake ndani ya mtandao mkubwa, ilisahaulika kwenye swichi ya juu, upande wa pili wa chesisi. Tangu siku hiyo bisibisi huwa ya mwisho kabisa.

Kilichoniponza ni kuiamini linki. Kwenye seva ya kawaida linki ikiwaka, ujue kebo imefika kwenye swichi. Kadi ya bledi haina kebo. Inapita kwenye bodi ya ndani ya chesisi hadi moduli ya mtandao iliyo nyuma, na ESXi inakuonyesha linki ya safari hiyo fupi tu. Moduli ikiwa na umeme, hosti, yaani bledi inayoendesha ESXi, itasema mambo shwari hata kama aplinki zote, yaani kebo zinazotoka chesisi kwenda swichi za nje, zimelala sakafuni. Moduli za kupitisha tu ndizo zisizo na unafiki huu, maana linki yake inatoka moja kwa moja kwenye swichi ya nje.

Kwa hiyo kabla ya yote, uliza ni nini hasa kimekatika. vCenter, programu inayosimamia hosti zote, ikisema hosti haijibu, zipingi mashine pepe zilizomo, yaani zitumie pakiti za kuuliza kama zipo. Zikijibu, basi usiizime hosti na wala usiiwashe upya. Watu wako kazini humo ndani, na kilichougua ni mtandao wa usimamizi peke yake. Ukiiunganisha upya ikakaa kama dakika moja kisha ikapotea tena, kaangalie fayawoli. Hosti hutuma ishara ya uhai kwa vCenter kila sekunde 10 kupitia poti ya UDP 902, na vCenter isipoipata kwa sekunde 60 huihesabu kuwa imepotea. Nimeona watu wakihangaika na chesisi siku nzima kwa ajili ya poti hiyo moja.

Kama na mashine pepe ziko kimya, ingia kwenye konsoli ya bledi kupitia usimamizi wa chesisi. Usitumie SSH, yaani kuingia kwa mbali kupitia mtandao wenyewe, maana utakata tawi ulilokalia. Anza na:

esxcli network nic list

Hapa soma anwani za MAC, vitambulisho vya kila kadi, kisha uzilinganishe na zilizo kwenye profaili ya bledi, yaani mipangilio yake upande wa chesisi. Namba za vmnic, majina ambayo ESXi huzipa kadi za mtandao, zisikudanganye. Kuna chesisi ambazo poti moja ya kadi hugawanywa kuwa kadi nne mbele ya ESXi, kwa hiyo vmnic2 unayodhani iko upande A (moduli ya kwanza) inaweza kuwa upande B (moduli ya pili). Andika kwenye karatasi ipi iko wapi. Mimi huandika kwa mkono, na karatasi hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

Sasa dalili ambayo ningeijua usiku ule ningelala mapema: baadhi ya mashine pepe zinafanya kazi, nyingine hazifanyi, na zote ziko kwenye hosti moja na VLAN moja. Fungua esxtop, chombo cha ESXi cha kutazama kinachoendelea ndani ya hosti, bonyeza n, uangalie safu ya TEAM-PNIC. Itakuonyesha kila mashine inapitia vmnic ipi. Zangu zilizokufa zote zilikuwa kwenye vmnic1, hata moja haikukosea njia. Kuthibitisha, lazimisha upande mmoja:

esxcli network vswitch standard policy failover set -v vSwitch0 -a vmnic0

Pingi, kisha rudia kwa vmnic1, na ukimaliza zirudishe zote mbili. Angalia pia kama kundi la poti, yaani sehemu ya vSwitch ambako mashine pepe huunganishwa, lina mpangilio wake, kwa sababu likiwa nao halitausikiliza huu wa vSwitch (swichi pepe iliyo ndani ya hosti). Mtandao wa usimamizi mara nyingi huwa hivyo.

Upande mmoja ukifa, fuata njia kuelekea nje hatua kwa hatua: profaili ya bledi, moduli, aplinki, poti ya swichi ya juu. Kila kituo uliza swali lilelile: VLAN hii inaruhusiwa hapa, na lebo yake, yaani namba ya VLAN inayobandikwa kwenye pakiti, inawekwa na nani? Moduli ikiwa inaivua lebo kabla ya kufika kwa bledi, VLAN kwenye ESXi lazima iwe 0, yaani bila lebo. Wote wawili wakiiweka, au wote wakitegeana, hakuna kitakachopita.

Ukikuta vSwitch imewekwa igawanye mzigo kwa IP hash, yaani ichague kadi kwa hesabu ya anwani za IP, itoe. Inahitaji poti zilizofungwa pamoja upande wa swichi, na moduli mbili za chesisi kwa kawaida ni swichi mbili zisizojuana. Na kama pakiti ndogo zinapita lakini vMotion (kuhamisha mashine pepe kati ya hosti) au stoo ya mtandao inakwama, jaribu vmkping -d -s 8972 kwenda upande wa pili. Ikigoma, kuna kituo njiani kimebaki na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 1500 wakati wenzake wako 9000.

Baada ya kurekebisha, iambie moduli iangushe linki ya bledi kila aplinki zake zinapokufa. Kwenye moduli za Virtual Connect za HPE kitu hicho kinaitwa Smart Link. Hapo ESXi itahamia upande ulio salama yenyewe. Kisha acha pingi ikikimbia, chomoa aplinki za upande A, uhesabu pakiti zilizopotea, uzirudishe. Upande A ukirudi halafu pingi ikakatika kwa sekunde 30 hivi, poti ya swichi ya juu inapitia hatua za spanning tree (kinga ya swichi dhidi ya mizunguko kwenye mtandao) huku ESXi imeshahamishia mzigo huko. Mwombe mtu wa swichi aiweke iwe poti ya ukingoni, yaani isiyosubiri hatua hizo, ndipo uchomoe upande B.