Jinsi ya kuangalia muvi za Kihindi za ndoa za kupangiwa na kuona mke na mume wanapewa nafasi gani

Usianze na nyimbo, anza pale familia mbili zinapokutana sebuleni. Mara nyingi binti anaingia na trei ya chai, macho chini, anaulizwa kama anajua kupika, afu jamaa anaulizwa kazi na mshahara, yaani majukumu yashagawiwa hapo hapo na hakuna aliyeyatamka.

Halafu fuatilia neno la mwisho ni la nani. Chukua Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, binti Simran ashachumbiwa na kijana wa Punjab ila anampenda Raj, mama yake anatoa hadi dhahabu anawaambia kimbieni, Raj anagoma, anataka baba yake Simran akubali kwanza, na kule mwisho kwenye treni ni baba ndo anauachia mkono wa binti. Watu tunalia pale (mi mmojawapo) ila hebu jiulize Simran mwenyewe aliamua nini.

Mahari nayo iangalie vizuri, kule ni upande wa binti ndo unatoa, na sheria ya India iliipiga marufuku tangu 1961. Sasa muvi inaionyesha kama kosa au kama huzuni tu ya baba?

Kwenye Indian Matchmaking ya Netflix ya 2020, kile kipindi cha mshenga anayewatafutia watu wachumba, sikiliza ushauri wa kukubali kushusha vigezo, hesabu unawaendea wadada mara ngapi na wakaka mara ngapi. Siriali za mama mkwe mkali epi mbili tatu zinatosha, zinajirudia mno.