Ngiri ya Spigeli: jinsi ya kuitambua ngiri inayojificha chini ya misuli

Ngiri iliyozoeleka hutokeza kinenani au kitovuni, huvimba mtu akikohoa na kurudi ndani akilala. Ngiri ya Spigeli haijitangazi hivyo. Hutokea pembeni mwa tumbo, chini ya kitovu, na yaweza kukaa muda mrefu bila uvimbe wowote kuonekana. Ni nadra: takriban 1 hadi 2 tu katika kila ngiri 100 za ukuta wa tumbo. Jina limetokana na Adriaan van den Spiegel, mwanaanatomia aliyefundisha Padua, Italia, na kufariki mwaka 1625. Yeye alieleza mstari wa mwili ambapo ngiri hii hutokea. Ngiri yenyewe ilielezwa na Josef Klinkosch mwaka 1764.

Kutafuta mahali penyewe, lala chali kisha inua kichwa kidogo. Misuli miwili ya wima katikati ya tumbo itakaza. Papasa ukingo wake wa nje. Sasa tafuta ncha za mifupa ya nyonga zinazojitokeza mbele, kulia na kushoto, na uwazie mstari wa kuziunganisha. Ukanda wa sentimita 6 juu ya mstari huo, pale unapokutana na ukingo wa misuli ya wima, ndipo ngiri nyingi za aina hii hutokea.

Kwa nini hapo? Pembeni tumbo lina tabaka tatu za misuli. Zikikaribia misuli ya wima, nyama huisha na kubaki utando wa kano, na kwenye ukanda ule utando huo ni mpana kuliko kwingine. Mfuko wa ngiri hupenya tabaka mbili za ndani, lakini kano ya tabaka la nje huuzuia. Ukikosa njia ya kutokea, hujitandaza kuelekea ubavuni, kama uyoga wenye shingo nyembamba. Tundu lenyewe mara nyingi halifiki sentimita 2. Hapo pana mambo mawili ya kukumbuka: unachokipapasa chaweza kuwa nje kidogo ya tundu, na shingo nyembamba hunasa utumbo kwa urahisi.

Kikohozi sugu, mimba, unene, kujikamua chooni, kunyanyua vizito na upasuaji wa awali huongeza shinikizo au hudhoofisha ukuta. Mtoto huweza kuzaliwa nayo. Akiwa wa kiume, korodani ya upande huo ikaguliwe, maana mara nyingi huwa haijashuka.

Kujikagua kufanyike ukiwa umesimama. Elekeza kidole kimoja panapouma, kohoa, kisha kaza tumbo. Maumivu ya sehemu ileile kila mara, yanayozidi ukisimama au ukijikaza na kupungua ukilala, yanatosha kukupeleka kwa daktari hata kama huoni uvimbe. Usibonyeze kwa nguvu kuurudisha.

Kosa kubwa hutokea kwenye kipimo. Mgonjwa hulazwa chali, tumbo likalegea, ngiri ikarudi ndani, majibu yakatoka kwamba hakuna kitu. Kabla ya kwenda, tia alama ya kalamu panapouma, na umwombe mpimaji wa altrasaundi akuangalie ukiwa umesimama na ukijikamua pia. CT skani huonyesha vizuri tundu na kilichomo, na husaidia kutofautisha na uvimbe wa mafuta, damu iliyovilia ndani ya misuli, au jipu. Hata hivyo nayo yaweza kuikosa ngiri iliyorudi ndani.

Ikithibitika, tiba ni upasuaji, na kwa kawaida hushauriwa hata kama ni ndogo. Mkanda wa tumbo hauzibi tundu. Upasuaji hufanywa kwa mkato wa wazi au kwa matundu madogo na kamera; tundu hushonwa, na mara nyingi huimarishwa kwa wavu. Muulize daktari atatumia njia ipi, na kama ataweka wavu.

Usisubiri kliniki ukipata maumivu makali yasiyopoa, kutapika, tumbo kujaa, au uvimbe mgumu usiorudi, hasa ngozi yake ikibadilika rangi. Hiyo ni dharura ya siku ileile. Na usijifariji kwa kuwa bado unatoa hewa: wakati mwingine hunaswa kipande tu cha ukuta wa utumbo, njia ikabaki wazi huku kipande hicho kikifa.

Baada ya upasuaji usio wa dharura, anza kutembea mapema, na uepuke vizito kwa muda utakaopewa, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Ukikohoa, bana mto juu ya kidonda. Kikohozi na kufunga choo vitibiwe mapema, maana ndivyo huvuta mishono. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikipanda, rudi hospitali.