Kompresa inakula tokeni? Kabla hujanunua kubwa zaidi, pima hivi

Mafundi wenzangu wa Malindi, nyinyi wa pancha na nyinyi wa kupiga rangi, naona kompresa, ile mashine ya upepo, ikianza kuchelewa kujaza tu mtu anapanda gari kwenda Mombasa kutafuta kubwa. Ngoja kwanza. Mimi nilikuwa nishaweka na pesa kando, maana tokeni ya stima ilikuwa haimalizi wiki, mpaka fundi mmoja mzee akaniambia, mwanangu, watu wakienda kuswali magharibi wewe zima kila kitu ubaki uskize. Nikaskiza, na kila kona ya gereji ilikuwa yasema ssss.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kazi ikiisha jaza tangi mpaka mota ikate, acha koki ya tangi wazi ili presha ifike mpaka mwisho wa mipira, usitumie upepo hata kidogo, halafu toa simu uhesabu dakika ilizokaa imezima mpaka ikawaka yenyewe, na dakika ilizonguruma mpaka ikakata tena. Rudia mara tatu nne. Chukua dakika za kunguruma, gawanya kwa jumla ya zote mbili, zidisha kwa 100. Yani ikinguruma 2 na kupumzika 8, ni 2 kwa 10, asilimia 20 ya kazi ya kompresa yako inavuja bure. Gereji isiyoangaliwa kukuta 20 mpaka 30 ni kawaida sana, iliyotunzwa inafaa iwe chini ya 10.

Sasa povu la sabuni na brashi, pita kwa kila jointi, klipu, bunduki ya rangi, kichwa cha kujazia tairi. Na skiza chini ya swichi ya presha mota ikiwa imezima, kama panapuliza bila kukoma basi usilaumu swichi, ni ile valvu ya kuzuia upepo usirudi pale bomba linapoingia kwa tangi, ifungue uisafishe, lakini uchomoe stima na umwage upepo wote kwanza tafadhali.

Halafu presha. Kwa nini mtu wa tuktuk na magari madogo aweke 150 psi (kipimo cha presha) na tairi inataka thelathini na kitu? Kila psi 2 unazoongeza, stima inapanda kama asilimia 1, na kila tundu linavuja zaidi. Teremsha pole pole mpaka uone kazi inaanza kusumbua, panda kidogo tu hapo. Wa malori ndio wana sababu ya kukaa juu.

Mpira mwembamba na mrefu nao unaua presha njiani kwa msuguano. Hata yale mabomba makubwa ya gesi asilia kule Marekani yana stesheni za kompresa kila kilomita 60 mpaka 160 hivi kwa sababu hiyo hiyo, gesi ikisafiri inachoka lazima isukumwe upya. Wewe huna stesheni ya pili, kwa hivyo fupisha mpira, ongeza unene.

Kuhusu mahali pa kuiweka, usiifungie kwenye kijichumba cha mabati. Hewa ya moto ni nyepesi, unavuta mingi unapata kidogo. Iweke kivulini, palipo na upepo, lakini isielekezwe kwa vumbi la msasa, na filta uisafishe kila wiki maana huku kwetu vumbi na chumvi ya bahari haziachi kitu. Fenibeliti ukiibonyeza kwa dole gumba ishuke kama sentimita moja. Oili iwe ya kompresa, sio ya gari.

Na maji, jamani, maji! Hewa ya pwani imejaa unyevu, masika ndio kabisa, yote yanaishia chini ya tangi. Fungua koki ya chini kila jioni. Yakikaa yanapunguza nafasi ya upepo, rangi inatoka na vitundu, na tangi linaliwa na kutu kutoka ndani usione, siku moja linapasuka na mtu yuko karibu. Tangi lililotoboka kutu usichomelee, tupa. Valvu ya usalama usiizibe hata ikikusumbua vipi.

Ukimaliza yote rudia kile kipimo cha dakika, andika kwa chaki ukutani pamoja na tarehe. Yangu ilianza 30, sasa iko 8, na ni kompresa ile ile.