Somo: Kuchagua rivolva moja tu ya kazi zote (kwa tunaoishi Marekani)

Swali la "ninunue rivolva gani ikiwa nitamiliki moja tu" limeulizwa mara nyingi sana, na kila mara majibu yanatawanyika. Nimeona heri niliandike somo zima mahali pamoja, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Ninaposema kazi zote nina maana ya ulinzi wa nyumba, mazoezi ya kulenga shabaha, na kutembea porini katika majimbo yenye wanyama wakali wa kadiri. Jibu langu ni rivolva ya .357 Magnum (aina ya risasi yenye nguvu), ya chuma cha pua, yenye fremu, yaani kiunzi, ya ukubwa wa kati na mtutu wa inchi 4, inayofyatuka kwa kuvuta triga peke yake au kwa kukokiwa nyundo kwanza. Sababu zake ni hizi.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu. Dukani lazima uwe umetimiza miaka 21, ujaze fomu 4473 (fomu ya serikali kuu ya kununulia silaha) na upite ukaguzi wa rekodi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Mwenye viza ya muda, kwa kawaida, haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha, ingawa sheria ina vighairi vichache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Jimbo lako linaweza kuwa na masharti ya ziada, kwa hiyo yasome kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya 2: Chagua kaliba, yaani kipimo cha risasi. Mwaka 1935 Smith & Wesson walitoa .357 Magnum kwa kurefusha ganda la risasi ya .38 Special kwa takriban milimita 3, kwa makusudi kabisa, ili risasi hiyo mpya yenye nguvu isiingie katika rivolva za zamani zisizoweza kuihimili. Faida yake kwetu ni kwamba rivolva ya .357 hupokea risasi za aina zote mbili. Risasi ya .38 ya greini 158 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) hutoka kwa kasi ya takriban mita 240 kwa sekunde na teke lake, yaani msukumo unaourudi mkono, ni la kiungwana, ilhali .357 ya greini 125 hufikia takriban mita 440. Kwa hiyo unaweza kufanya mazoezi kwa .38 mchana kutwa, ukaweka .38 nyumbani, kisha ukabeba .357 unapoingia porini, na silaha ni ile ile ambayo mkono wako umeizoea.

Hatua ya 3: Chagua fremu na mtutu. Smith & Wesson 686 na Ruger GP100 ndizo ninazopendekeza, na zote mbili zina uzito wa takriban kilo 1.1 zikiwa na mtutu wa inchi 4. Uzito huo ndio unaomeza teke. Zipo rivolva ndogo za .357 zenye uzito usiofika gramu 400, ambazo ni nzuri kukaa mfukoni lakini huumiza mkono kiasi kwamba mwenye nayo huacha kufanya mazoezi. Colt Python, iliyorudi sokoni mwaka 2020, ni nzuri sana, ila bei yake ni ya juu.

Hatua ya 4: Ishike kabla ya kulipa. Ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kulazimika kuupinda mkono, na uweze kuivuta bila mtutu kuyumba.

Hatua ya 5: Ikiwa imeshatumika, ikague. Hapa ndipo wengi huumia, nami nilikuwa miongoni mwao: rivolva yangu ya kwanza niliinunua mkononi mwa mtu bila vipimo hivi, na siku ya kwanza uwanjani ilirusha vipande vya risasi pembeni hadi jirani yangu wa kulia akasogea. Kwanza omba ruhusa ya mwenye mali, fungua silinda (sehemu ya mviringo inayozunguka na kubeba risasi) na uhakikishe kwa macho kwamba matundu yote ni matupu. Ifunge, kisha ukiwa umegusa silinda kwa kidole ili kuichelewesha kidogo, vuta nyundo polepole sana. Silinda inatakiwa kujifunga barabara kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila tundu, kwa sababu moja tu likichelewa, risasi huingia katika mtutu kwa upande, na hapo ndipo vipande hukatika. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume kwa kidole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, rudisha silaha kwa mwenyewe na uondoke. Sukuma silinda mbele na nyuma, kwani mchezo mkubwa ni dalili ya uchakavu. Angalia kwa tochi pengo lililo kati ya silinda na mtutu, ambalo kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.10 na 0.25. Chungulia mwanzo wa mtutu palipo karibu na silinda. Katika Smith & Wesson 19 za zamani sehemu hiyo imechongwa na kuwa nyembamba upande wa chini, na risasi nyepesi za .357 zimewahi kuipasua. Mwisho, tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, kuna mtu asiye fundi aliyewahi kuifungua. Usikubali kuharakishwa na muuzaji katika hatua hii. Muuzaji anayekataa ukaguzi huo amekwisha kukujibu.

Hatua ya 6: Nunua sefu siku hiyo hiyo. Rivolva haina kitufe cha usalama cha kuizuia isifyatuke, na mtoto anaweza kukoki nyundo kwa vidole viwili, akabakiwa na triga nyepesi.

Maswali ya wanachama

Kipanga wa Houston: Nina rivolva ya marehemu mzee, imeandikwa .38 Special. Naweza kutumia .357 ndani yake?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 2 imeeleza sababu. Ikiwa kwa namna yoyote risasi hiyo itaingia, usiifyatue.

Mwanafunzi Mpya: Niko hapa kwa viza ya masomo. Binamu yangu ni raia, je, anaweza kuninunulia kwa jina lake kisha anikabidhi?

Mwandishi: Hilo ni kosa la jinai kwenu nyote wawili. Fomu 4473 inamwuliza mnunuzi kama yeye ndiye mmiliki halisi, na akidanganya amejitia kitanzi mwenyewe. Usimwombe.

Mama Neema: Asante kwa somo, kaka. Nina baridi yabisi kwenye vidole na triga ya kuvuta moja kwa moja inanishinda. Nifanye nini?

Mwandishi: Karibu sana, mama. Triga ya aina hiyo huhitaji nguvu ya takriban kilo 5, kwa hiyo shida yako ni ya kweli. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni akulainishie, lakini mwambie ni ya ulinzi, kwa sababu springi ya nyundo ikilegezwa mno, fataki ya risasi, ile inayogongwa na kuwasha baruti, inaweza isiwake. Jaribu pia mpini wa mpira ulio mnene kidogo, na ufanye mazoezi ya kuvuta triga bila risasi, risasi zote zikiwa chumba kingine. Ikishindikana kabisa, rivolva ya .22 unayoimudu ni bora kuliko .357 usiyoiweza.

Baba Zawadi: Watu wote siku hizi wana bastola za magazini. Huoni unawarudisha watu nyuma?

Mwandishi: Somo linahusu rivolva kwa sababu hilo ndilo lililoulizwa. Bastola ya magazini hubeba risasi nyingi zaidi na hujazwa haraka zaidi, nami sikatai. Ninachopenda katika rivolva ni kwamba risasi isipowaka, unavuta triga tena na tundu linalofuata linakuja lenyewe.

Msafiri: Nikirudi Kenya kwa likizo naweza kuja nayo kwenye begi?

Mwandishi: Usithubutu. Kuitoa hapa kuna masharti yake, na kuiingiza kule kunahitaji leseni ya bodi ya silaha.

Dada wa Minneapolis: Baada ya kupiga .38 nyingi, .357 zinakwama kuingia kwenye silinda yangu ya GP100. Je, imeharibika?

Mwandishi: Haijaharibika, dada, na umeuliza jambo zuri. Ganda la .38 ni fupi, hivyo masizi hujikusanya kama pete mbele yake, mahali ambapo ganda la .357 linatakiwa kufika. Tia dawa ya kusafishia, iache dakika chache, kisha usugue kila tundu kwa brashi ya shaba nyeusi. Usilazimishe risasi kuingia. Na ukiwa hapo, safisha pia chini ya nyota ya kusukumia maganda, kwani punje chache za baruti isiyoungua zikibaki pale, silinda hukaza na haizunguki.

Dada wa Minneapolis: Nimefanya hivyo na zimeingia zote. Kuna siku ganda moja lilibaki chini ya hiyo nyota nikashindwa kufunga silinda.

Mwandishi: Huenda mtutu ulikuwa umeelekea chini. Ukitoa maganda, elekeza mtutu juu kabisa, kisha upige kitoleo (kijiti kinachoisukuma ile nyota) mara moja kwa nguvu kwa kiganja, yote yataanguka kwa uzito wake. Silinda uifunge kwa mkono, usiitupie kwa kifundo, kwani mkono wa chuma unaoibeba hupinda. Na uangalie vidole vya mkono wa pili vikae nyuma ya lile pengo la silinda, kwa sababu gesi inayotoka pale hukata ngozi.